Kugonga Mara Mbili

Onyo la pili lilikuja asubuhi, mume akiwa bado ameshika kikombe cha chai. Redio, mkewe, alikuwa na mikono ndani ya beseni la vyombo, kwa hiyo akabonyeza spika ya simu kwa kiwiko, na mume akasikia kila neno.

"Dada, tumesikiliza simu zako za jana," alisema msimamizi. Alikuwa na sauti ya mtu mwenye kiyoyozi. "Kuna kikohozi. Kikohozi cha mwanaume, tena si kimoja. Mteja ameuliza kama amepiga ofisini au wodini."

"Samahani sana. Ni mume wangu, kifua kinamsumbua."

"Pole yake. Lakini mkataba unasema chumba kimya. Hili ni la pili. La tatu likija mfumo wenyewe unakufungia, hata mimi siwezi kukusaidia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Uwe na siku njema."

Mume aliweka kikombe chini taratibu mno, kana kwamba hata kikombe kingeweza kuwaponza.

"Kwa hiyo mimi ndiye onyo la pili," alisema.

"Usianze, baba Kasuku."

"Nauliza tu. La kwanza alikuwa nani?"

La kwanza alikuwa Kasuku mwenyewe, binti yao wa miaka mitano, aliyeingia chumbani wakati mama yake anazungumza na mteja, akauliza kwa sauti ya mnadani kama kuku ana meno. Mteja alicheka. Mfumo haukucheka.

Nyumba ile haikuwa imeumbiwa ukimya. Mke aliitwa Redio tangu usichana wake, kwa sababu akishaanza kusimulia hakuna aliyejua swichi ya kumzimia iko wapi. Mtoto akarithi mdomo, wakamwita Kasuku. Mpole alikuwa mume peke yake. Watu walimwita Fundi Godoro, jina la kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyomharibu. Alichambua usufi wa magodoro makuukuu miaka mingi ndani ya karakana isiyo na dirisha, mpaka vumbi likahamia kifuani kwake. Mwenye karakana alimwambia kaka, kapumzike mpaka upone, na wiki hiyo hiyo kiti chake kikakaliwa na mwingine.

Ndipo Redio alipoliona tangazo kwenye simu. Kazi ya nyumbani, mtaji sifuri, unachohitaji ni simu, sauti nzuri na chumba kimya. Simu alikuwa nayo. Sauti Mungu alimjalia. Chumba kimya ndicho kilichokuwa mtaji wenyewe, na mtaji mkubwa kweli kweli, ila wenye tangazo hawakuona haja ya kuliandika hilo. Kampuni iliuza vyombo vya nyumbani kwa njia ya simu, na wateja ambao mzigo wao umechelewa walipiga kulalamika. Kazi ya Redio ilikuwa kulalamikiwa. Hakuruhusiwa kukata simu kabla mteja hajakata. Mwisho wa mazungumzo mteja alibonyeza nyota, na nyota hizo ndizo zilizogeuka kuwa kodi ya nyumba na dawa ya Fundi.

*

Mchana wa siku hiyo Fundi alitoka bila kuaga. Alirudi na godoro chakavu kichwani, akalitua uani, akaenda tena. Alipomaliza safari zake yalikuwa magodoro manne, yametoboka, mengine yana madoa ambayo hakuna aliyetaka kujua ni ya nini.

"Yalikuwa yatupwe," alisema akihema. "Mwenye karakana kanipa. Kaniuliza kama nafungua duka."

"Hayo yana vumbi. Daktari alikwambia nini?"

"Aliniambia nipumzike. Nimepumzika mpaka nimegeuka onyo."

Alijifunga kitambaa chenye maji puani, akatoa sindano yake ndefu na uzi wa katani, akaanza kazi. Redio alimwangalia akiwa mlangoni, amekunja mikono, ana hasira, na chini ya hasira ana furaha, kwa sababu hakuwa amemwona mume wake na sindano kwa muda mrefu. Fundi aliyasimamisha magodoro chumbani, kuzunguka upande wa kichwa wa kitanda, akayashona pembe kwa pembe, moja akalifanya dari. Mlango ulikuwa nusu godoro lililoning'inia, unaliinua unaingia, unaliachia linajifunga. Ndani palibaki kichwa cha kitanda, mto, na nafasi ya mtu mmoja kukaa na simu yake.

"Ingia," alisema.

Redio akaingia. Akakaa. Akasubiri. Hakusikia kitu, hata pampu ya maji ya jirani ambayo siku zote ilikuwa kama imewekwa sikioni mwake. Alipochoka akatoka.

"Ulisema kitu?"

"Nimekutukana," alisema Fundi. "Matusi ya nguoni. Nimepaza sauti mpaka watu wa barabarani wamegeuka."

Redio alicheka hadi akakaa sakafuni. Fundi naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja, akapapasa chini ya mto akatoa pampu yake ya pumu, ile ya kubonyeza na kuvuta. Akavuta, akatulia, akairudisha pale pale. Pampu ilikaa chini ya mto miaka yote kwa sababu usiku ndipo kifua kilipombana zaidi. Hakuna aliyewaza kwamba mto huo sasa ulikuwa ndani ya ofisi.

*

Kilichobaki ni sebule, na ukuta wa mbao uliotenganisha sebule yao na chumba cha jirani yao, Mama Pacha. Kibanda cha magodoro kilimeza sauti za kawaida, lakini Mama Pacha hakuwa na sauti za kawaida. Alifua nguo za watu pale pale nyumbani, redio imefunguliwa mpaka mwisho, mapacha wakipiga ndoo kwa miiko. Hiyo pia ilikuwa kazi ya nyumbani isiyo na mtaji, na yeye hakuomba kibali kwa mtu.

Redio alikwenda kwake na maneno ya adabu aliyoyapanga tangu asubuhi.

"Mwenzangu, naomba nikueleze jambo. Nikiwa kwenye simu..."

"Ukiwa kwenye simu tufe?" Mama Pacha aliendelea kukamua shuka. "Mara redio, mara watoto. Siku hizi tunapumua kwa kibali chako?"

"Sijasema hivyo."

"Bado tu."

Redio alirudi akiwa ameuma midomo. Aliyekwenda kumaliza shauri alikuwa Fundi, na alikwenda na utani, kwa sababu aliwahi kuwashonea mapacha godoro lao bila malipo.

"Shemeji," alisema, "hatutakusumbua na maneno. Mke mwenzako akiingia hewani, mimi nagonga ukuta. Mara mbili. Ko, ko. Ukisikia hivyo, zima."

"Nani mke mwenza wangu? Toka hapa!" Mama Pacha alicheka, akamrushia maji ya sabuni. "Haya. Mara mbili."

"Mara mbili tu."

Na kweli, alitimiza. Fundi akigonga, redio inazimwa, ndoo zinanyamaza, na kutoka upande wa pili inasikika ile "shhh" kali ya mama mwenye watoto wawili.

Kasuku naye alifundishwa. Redio alipotundika taulo la bluu mlangoni, baba na binti walianza mchezo wa mabubu, anayesema kwanza ndiye aliyeshindwa. Mtoto alikuwa hodari kuliko walivyotarajia. Alijifunza kucheka kwa mabega. Alijifunza kufunga mlango wa godoro kwa mikono miwili ili usitoe kishindo. Siku moja alijikwaa kizingitini akachubuka goti, na Redio akitoka kwenye simu akamkuta amekaa chini, mdomo wazi, machozi yanachuruzika, hakuna sauti. Alimpakata, akamfuta, akamwambia mama anakupenda. Simu ilipoita tena alitundika taulo.

Kifua kikimbana, Fundi alitoka akaenda kukaa kwa fundi viatu ng'ambo ya njia, akakohoa huko mpaka kikohozi kiishe, ndipo akarudi. Watu walimwona kila siku pale kwenye benchi, wakaanza.

"Vipi, mama kakufukuza?"

"Yuko mkutanoni," alijibu Fundi.

"Nawe je?"

"Mimi ni kamati ya nje."

Walicheka, naye akacheka nao. Lakini jioni moja alimwuliza mke wake, bila utani, kama angeweza kumtafutia na yeye kazi yoyote ya nyumbani, hata ya kukunja bahasha. Redio alisema ataangalia.

*

Siku yenyewe iliamka na mvua. Si mvua ya mchezo, ile ya kufunga njia. Baridi iliingia kupitia kila ufa, na Fundi aliamka akipumua kwa filimbi.

"Leo usiende kwa fundi viatu," Redio alimwambia. "Utalowa, utakuwa umetafuta makubwa."

"Simu zako je?"

"Kibanda chako kinatosha. Mvua yenyewe haisikiki humo, sembuse wewe."

"Onyo la tatu likija usiseme sikukwambia."

"Fundi, kaa ndani!"

"Haya. Nitakohoa kwa adabu." Akachukua kitaulo kidogo, akakiweka begani.

Simu ilipoita, Redio alitundika taulo la bluu, akaingia, akaliachia godoro. Mvua ikakatika kama imefungwa bomba. Aliyekuwa kwenye simu alikuwa mzee. Alinunua blanketi, halijafika.

"Ni la mke wangu," alisema mzee. "Miguu inamganda usiku. Nimemwahidi, kila siku ananiuliza, nami namwambia liko njiani. Sasa ananiona mwongo, mwanangu. Kwa umri huu niitwe mwongo?"

"Pole sana, mzee wangu. Ngoja nikuangalizie liko wapi."

Blanketi lilikuwa kwenye ghala la mji mwingine, limewekwa kwenye gari lisilo lake. Redio alilifuatilia, akalirudisha kwenye njia, akamweleza mzee litafika lini. Kazi ilikuwa imekwisha. Mzee hakukata. Alianza kumsimulia juu ya miguu ya mke wake, jinsi alivyokuwa mchapakazi, jinsi watoto wao wasivyopiga simu. Redio alijua sauti ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kusikilizwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na mdomo mkubwa na alijua unavyouma ukifungwa. Akaegemeza kiwiko kwenye mto, akamwacha azungumze.

Mlango wa godoro ukainuliwa. Kasuku akaingiza kichwa. Macho yalikuwa makubwa.

"Mama," alisema. Ilikuwa pumzi tu, kwa maana bado alikuwa kwenye mchezo.

Redio aliweka kidole mdomoni.

Mtoto akanyoosha mkono kuelekea kwenye mto. Wiki ile alikuwa ameshaingia mara kadhaa, mara anataka kujisaidia, mara anataka kuonyesha buibui, mara anataka kulala kwenye mto wa mama, na kila mara moyo wa Redio uliruka kwa hofu ya onyo la tatu. Akatikisa kichwa. Akamkazia macho, yale macho ya mama ambayo hakuna mtoto asiyeyajua. Kasuku akasimama kidogo, akaangalia nyuma, akamwangalia tena mama yake. Halafu akaliteremsha godoro kwa mikono miwili, taratibu, lisitoe kishindo.

Amekua mwanangu, Redio aliwaza, na alijisikia fahari. Akamrudia mzee.

Mzee alipochoka alimshukuru. Alimwambia ana sauti ya mtu aliyelelewa. Akabonyeza nyota zote tano.

Redio aliinua godoro, na kelele ya mvua juu ya mabati ikampiga usoni.

"Fundi! Tano! Mzee kanipa zote tano, njoo uone!"

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta wa Mama Pacha. Kitaulo kilikuwa kimejaa mdomoni mwake. Mkono mmoja ulikuwa bado umekunjwa ngumi, umeegemezwa kwenye mbao. Ule mwingine ulikuwa umeshikwa na Kasuku, aliyekaa kando yake, magoti pamoja, kidole mdomoni.

"Sikusema kitu, mama," mtoto alinong'ona. "Hata baba hajasema."

Redio alipiga ukelele. Ulikuwa ukelele wa wiki zote zile kwa pamoja, na ulipita kwenye mbao, ukapita kwenye mvua, ukamtoa Mama Pacha mbio bila viatu. Walimbeba hadi kwenye gari dogo la mizigo la muuza mkaa, wakamfunika turubai. Hospitalini muuguzi alimshika shingoni, akamshika tena, akauliza ni nani wa karibu yake.

*

Kasuku ndiye aliyesema habari ya pampu, siku ya pili, akiwa anachezea ukingo wa khanga ya mama yake. Baba alimwonyesha kwa mkono, hivi, ya kuvuta. Akajua ni pampu. Akaenda kuitafuta ofisini. Redio aliingia kibandani, akainua mto, akaikuta, pale alipokuwa ameegemeza kiwiko chake akimsikiliza mzee wa watu na habari za blanketi.

Hakumwambia mtu. Aliishika tu ndani ya ngumi wakati wanawake wakiingia na kutoka na pole zao.

Mama Pacha alifanya kila kazi msibani. Alipika, alifua, alilaza watoto. Kitu kimoja hakukifanya, hakumwangalia Redio machoni. Siku watu walipotawanyika alibaki amesimama karibu na mlango na beseni tupu.

"Aligonga," alisema.

"Nani?"

"Mume wako. Siku ile. Aligonga mara mbili, nikazima redio." Alilikumbatia beseni kifuani. "Akagonga tena. Nikajua ni watoto, nikawanyang'anya ndoo. Akagonga tena, mwenzangu, nami nikakasirika. Nikasema mtu huyu sasa amezidi. Nikawafunika watoto blanketi, nikaacha hata kukamua nguo, maji yasije yakasikika. Nilikaa hapo nyuma ya ukuta. Nimenyamaza. Naye yuko hapa."

Redio alimpokea beseni, akaliweka chini.

"Nitukane basi."

"Nikutukane kwa lipi?" alisema Redio. "Wewe alikugongea ukuta. Mimi alinitumia mtoto, nikamwonyesha kidole."

Wakakaa chini wote wawili, kila mmoja na kilio chake.

*

Msimamizi alipiga wiki iliyofuata.

"Dada, pole sana na msiba. Nafasi yako ipo, usiwe na wasiwasi, siku ulizokosa hazitalipwa tu. Na nina habari ya kukufuta machozi kidogo. Ile simu yako ya mwisho, ya mzee wa blanketi, unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Imepata alama zote. Kimya kamili. Wakubwa wameichagua ya kufundishia wapya. Wanaambiwa, sikilizeni, huyu yuko nyumbani kwake kama ninyi, na hamsikii hata nzi. Kuna asante yake, tutakuwekea pamoja na mshahara. Kesho unaingia?"

Redio aliangalia dirishani. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kutoa pole yake, na pole ya mwenye nyumba ina tarehe.

"Naingia," alisema. "Naomba mnitumie hiyo simu nami niisikilize."

"Bila shaka! Jifunze kwako mwenyewe."

Akaingia kibandani, akavaa hedifoni, akafungua. Hakuwa anamtafuta mzee. Alimtafuta mume wake. Alisikiliza kwa makini, macho amefumba, akaongeza sauti, akarudia, akarudia tena. Mvua haikuwemo. Kikohozi hakikuwemo. Ngumi kwenye mbao haikuwemo. Fundi alikuwa ameshona vizuri, hakuacha upenyo hata wa kupitisha sauti yake mwenyewe. Katikati tu, mzee alipokuwa anavuta pumzi, palisikika kitu kidogo ambacho mfumo haukukihesabu kuwa kelele.

"Mama."

Na hapo hapo sauti yake yeye, tamu, haina wasiwasi wowote duniani. "Nakusikiliza, mzee wangu. Sina haraka."

Redio alivua hedifoni. Akatoka, akapita sebuleni ambako Kasuku alikuwa anamwimbia mdoli wake chinichini, akapiga magoti mbele ya ukuta wa mbao, mahali pale pale, akakunja ngumi. Akagonga. Mara mbili.

Nyuma yake Kasuku alifunga mdomo.

Upande wa pili redio haikuzimwa. Ndoo ilianguka, miguu ikakimbia, mlango ukasukumwa, na Mama Pacha akasimama pale kizingitini, povu la sabuni limemfika viwikoni, anahema.

"Nini? Kuna nini? Nani?"

"Hakuna kitu," alisema Redio. Mkono ulikuwa bado juu ya mbao. "Nilitaka kujua kama inasikika."

Mama Pacha aliangalia ukuta, akamwangalia yeye, na safari hii hakukwepesha macho.

"Inasikika, mwenzangu," alisema. "Inasikika vizuri sana."